Mwaka Nilipokuwa Macho ya Mwalimu

Nilipopigiwa simu kwamba kutakuwa na siku ya makedi wa zamani, sisi tuliowabebea wachezaji gofu mabegi ya fimbo, nilikuwa jikoni kwangu Kahawa Sukari nikichambua maharagwe, na jibu langu la kwanza lilikuwa la hasira. "Wanataka nini na sisi saa hizi?" nikamwuliza Nekesa, maana ndiye aliyenipigia. "Tumezeeka, magoti yameisha." Nekesa akacheka kile kicheko chake cha kujaza nyumba, akaniambia klabu inatualika sisi tucheze uwanja wote asubuhi, na wanachama wenyewe ndio watatubebea mabegi. "Aki wewe Wambui, hata kama utakuja na mkongojo, utakuja. Tajiri abebe begi yangu? Hiyo siwezi kosa." Halafu sauti yake ikashuka. Akasema siku hiyo watamkumbuka pia Mwalimu Njoroge, aliyefariki mwezi wa pili, na kwamba binti yake amealikwa. Hapo nikaacha maharagwe. Nilijua nitaenda, na nilijua nitaenda kufanya nini. Kuna mtu aliyeitwa mwizi kwa miaka ishirini na saba kwa sababu yangu, na nilibakiwa na nafasi moja tu ya kulisafisha jina lake mbele ya watu wale wale waliolichafua.

Ya nyumbani kwetu sitayagusa. Kila mtu ana ya kwao. Itoshe kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Ngoliba, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ruiru, mimi na Nekesa, chumba cha mabati ambacho ukuta wa upande wa jirani ulikuwa kadibodi, hivi kwamba jirani akikoroga chai tulijua ameweka sukari vijiko vingapi. Jiko la makaa tuliliweka mlangoni. Tulipika githeri Jumapili tukaila hadi Jumatano, Nekesa akilalamika kwamba Wakikuyu wanaweza kula mahindi na maharagwe mpaka Yesu arudi, nami nikimwambia arudi kwao Bungoma akale mrenda wake. Alikuwa ameokoka, Nekesa. Akifua aliimba pambio, na akikasirika aliimba zaidi. Mimi nilikwenda kanisani kwa sababu yeye alikuwa anakwenda, na nikikaa pale nilihesabu kofia za akina mama. Wakati huo nilijiona mjanja sana.

Tulifanya kazi kwenye hoteli moja yenye uwanja wa gofu, katika ardhi iliyokuwa ya kahawa kati ya Ruiru na Thika. Mwenye hoteli alitaka pafanane na Pwani. Alipanda minazi kando ya bwawa la kuogelea na kando ya uwanja, akajenga vibanda vya makuti, akawavisha wahudumu leso na kofia za ukindu. Basi ikifika mwezi wa saba, baridi ya Ruiru imeshika na ukungu umelala kwenye nyasi, ungeona mgeni ametoka chumbani na kaptula ya maua, amejikunja kama kuku aliyenyeshewa, anaitazama minazi ambayo haikuwahi kuzaa hata dafu moja. Tulicheka! Lakini uwanja wenyewe, hata nikiwa na kinyongo, nitausema ukweli: ulikuwa mzuri. Mashimo kumi na nane, nyasi fupi ambayo sisi makedi tuliiita njia, na pembeni nyasi ndefu, halafu miti, halafu vichaka. Na saa moja asubuhi kabla watu hawajaja ungesikia tu maji yakirushwa na ndege wakigombana.

Watu hudhani kazi ya kedi ni kubeba begi la fimbo. Begi hata punda angebeba. Kazi ni macho. Mtu akipiga mpira, yeye anashughulika na mikono yake na mgongo wake na kujisifu kwake. Anayeutazama mpira unapoangukia ni kedi, na akifika pale anafaa aende moja kwa moja kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mimi nilichunga mbuzi wa rangi ya vumbi kwenye vumbi la Ngoliba, kwa hivyo mpira mweupe kwenye nyasi ya kijani ulikuwa mchezo kwangu. Mutiso, mkubwa wa makedi, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, aliniona siku mbili tu akaanza kunipeleka kwa wazee ambao macho yao yamechoka. Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema kila asubuhi bandani huku tukinywa chai na mandazi ya jana: "Kedi haoni, hasikii, hasemi. Ya uwanjani yabaki uwanjani. Mnanielewa?" Tukajibu ndiyo, midomo imejaa.

Hivyo ndivyo nilivyompata Mwalimu Njoroge. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mrefu, mwembamba, sweta ya kijivu hata jua likiwaka, na alicheza Jumanne, Alhamisi na Jumamosi bila kukosa. Mipira yake aliiwekea nukta mbili nyekundu kwa kalamu ile ile aliyosahihishia vitabu maisha yake yote. Mama yake aliitwa Wambui, kwa hivyo tangu siku ya kwanza hakuniita jina. Aliniita maitu, mama, na alimaanisha. Alikuwa akinikatia nusu ya ndizi yake bila kuniuliza kama nataka. Alinisahihisha Kiswahili, alinisahihisha Kiingereza, na siku moja alinisahihisha namna ya kutembea. Nilimpenda, sitaficha. Hakuna mtu mwingine mwaka ule aliyenikatia chochote.

Kwenye shimo la tisa palikuwa na kibanda cha chai. Siku moja mwezi wa tatu tulikaa hapo wawili tu, akafungua chupa yake ya chai akamimina kwenye kikombe, na chai yote ikaenda kwenye sahani, ikajaa, ikamwagika mezani, ikaanza kudondoka kwenye viatu vyake, naye bado anamimina, anaongea habari za uchaguzi. Nikaushika mkono wake nikausogeza. Akaiweka chupa chini. "Umeona," akasema. "Nimeona, Mwalimu." Akaifuta meza na leso yake mwenyewe, pole pole, akifuta hata mahali palipokuwa pakavu. Akaniambia daktari wa macho amesema ni presha ya macho, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na iliyokwisha kula hairudishi. Gari alikuwa ameshaacha. Nyumbani aliwaambia anataka mazoezi ya miguu. "Wakijua, maitu, watanikalisha kwenye kiti na redio. Watanikatia nyama. Mimi bado sijafika huko." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Wewe utakuwa unaniambia tu iko wapi, si ndiyo?" Nikasema ndiyo.

Na mwanzoni nilifanya hivyo tu, naapa. Nilimwambia umbali, nikampa fimbo, nikamgeuza mabega, nikamwambia mpira ulikoangukia. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Kwenye shimo la tatu, siku ya mvua ya mwezi wa nne, alipiga mpira ukapaa juu ya bwawa, ukaangukia karibu na kibendera cha shimo, hatua mbili tu. Nilipiga mayowe. Alinifanya nimweleze mara nne jinsi ulivyoruka, na jioni ile, aliniambia baadaye, aliwaeleza watu wa nyumbani mpaka chakula kikapoa. Lakini siku kama hizo zilikuwa chache. Siku nyingi alipiga mpira ukaingia miti, nami nikamwambia umeingia miti, na uso wake ukazidi kushuka shimo baada ya shimo, hadi nikawa naogopa kumtazama.

Shimo la kumi na moja ndilo lililoniponza. Pale kulikuwa na bonde, na upande wa kulia kichaka kizito cha miiba ambacho tuliamini kina nyoka. Mwezi wa tano alipiga pale, mlio mzuri kabisa, na mpira ukapinda ukaingia kichakani. Akageuza uso kwangu akitabasamu, maana alikuwa ameusikia mlio. "Iko wapi, maitu?" Mfukoni nilikuwa na mpira wake mwingine, wenye nukta zake mbili, niliokuwa nimeuokota wiki iliyotangulia. Mdomo wangu ukasema, "Iko njiani, Mwalimu. Katikati kabisa." Nikatangulia mbio, kama kedi anavyofanya, nikauangusha kwenye nyasi fupi. Sikufikiria. Alipofika na kuukuta pale alisimama juu yake akaunyooshea fimbo yake kama mtu anayeonyesha shamba lake. "Unaona?" akasema. "Bado nipo." Sasa niambieni, ningefanya nini baada ya hapo?

Nikafanya tena. Nikafanya Alhamisi, nikafanya Jumamosi, na mwezi wa sita nilikuwa sihesabu. Nekesa alijua, maana tulilala chumba kimoja na mimi huongea nikiwa na jambo. "Huo ni wizi," aliniambia tukiosha vyombo. "Wizi? Nimemwibia nani?" "Yeye mwenyewe," akasema, akaanza kuimba. Nilimkasirikia siku mbili. Nikajaribu kuacha, ndiyo, Alhamisi moja mwezi wa saba. Nilimwambia ukweli kwenye kila shimo, na kwenye la sita akakaa chini kwenye nyasi yenye umande, akaniuliza kama daktari alikuwa amesema miezi au miaka, kwa sababu hakumbuki tena. Kwenye la saba nikamwambia iko njiani.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa hilo, na ni kosa ambalo kedi wa wiki mbili angelijua. Katika gofu mwenye mipigo michache ndiye mshindi, na kila mchezaji ana hendikapu, yaani mipigo anayosamehewa kwa sababu ya udhaifu wake. Ukicheza vibaya unasamehewa mingi. Ukicheza vizuri wanakupunguzia. Mwalimu alikuwa anasamehewa ishirini na nne. Nilimsaidia mpaka wakampunguzia hadi kumi na tano, naye akafurahi kama mtoto aliyepita mtihani, na mimi nikafurahi naye, mjinga mimi. Kila uongo wangu ulikuwa unamnyang'anya mipigo ambayo siku moja angeihitaji. Nililielewa hilo siku nilipokuwa nimekaa chini ya dirisha la jikoni la klabu nikila ukoko wa pilau, nikasikia wanachama wawili ndani wanaongea. "Huyu mzee anapunguza hendikapu na miaka sitini na tisa? Anakunywa dawa gani?" Mwingine, niliyemtambua kwa sauti, akajibu, "Hakuna dawa. Kuna kitu. Tutamweka kwenye timu ya kombe tumtazame vizuri." Huyo alikuwa Gichuru, muuza mbao wa Thika, kijana wakati huo, nahodha wa klabu.

Mwalimu alipoambiwa amechaguliwa kucheza kombe dhidi ya klabu nyingine mwezi wa kumi na moja, alinunua viatu vipya. Ningemwambia nini? Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza alinikatiza aniulize kama nilikuwa nimekula. Mara ya pili Mutiso alipuliza filimbi. Mara ya tatu niliishia kumwita tu, na yeye akaniambia, "Usiogope, maitu, tutawafundisha." Wiki ya kombe, wafanyakazi wa uwanja walitumwa wafyeke kile kichaka cha shimo la kumi na moja ili klabu isione aibu mbele ya wageni. Hawakupata nyoka. Walipata mipira kumi na tisa yenye nukta mbili nyekundu. Mtu ambaye kwa nusu mwaka hajaandika kwamba amepoteza hata mpira mmoja pale, mipira yake kumi na tisa ilikuwa inafanya nini kwenye miiba? Gichuru akaiweka kabatini akanyamaza. Ila akatoa amri kwamba siku ya kombe hakuna mtu atakayekuja na kedi wake. Kura itapigwa, na kedi atakayeongea na mchezaji asiye wake, mchezaji huyo ataongezewa mipigo ya adhabu na kedi atakwenda nyumbani. Kura ikamwangukia Nekesa abebe begi la Mwalimu. Mimi nikaangukia begi la Gichuru, katika kundi lilo hilo. Kama ile ilikuwa kura, mimi ni askofu.

Asubuhi ile nilimshika Nekesa mkono nyuma ya choo cha makedi. Nikamwomba. Nikampigia magoti, mimi niliyekuwa nahesabu kofia kanisani. Akalia, lakini akakataa. "Nitamwonyesha pahali iko, Wambui. Nitamshika mkono kama ni lazima. Lakini kusonga mpira, hapana. Mungu ananiona." Nikamwita majina ambayo sitayaandika. Leo naona hakuna aliyemheshimu Mwalimu siku ile kuliko Nekesa, lakini siku ile ningemsukuma mtoni.

Shimo la kwanza Mwalimu akapiga. Mlio ukawa mzuri, ulikuwa mzuri siku zote, na mpira ukaenda kushoto ukapotelea mitini. Akasimama akitabasamu, uso umegeuka kidogo, anangoja. "Iko wapi?" "Imeingia kwa miti, Mwalimu," Nekesa akasema kwa upole. "Upande wa kushoto." Tabasamu lilichelewa kuondoka. Shimo la pili, mchangani. La tatu, majini. Kufika la tano alikuwa amepoteza mipira minne, na akamwuliza Nekesa, "Leo mikono yangu ina nini?" Nekesa akampangusia fimbo. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake, begi la Gichuru begani, na ningeweza kumwambia kwa neno moja apinde mabega kidogo, kidogo tu, kama tulivyozoea, na neno hilo lingemwongezea mipigo. Kwa hivyo nilikuwa nampa Gichuru fimbo, nafuta fimbo, nachukua fimbo. Wageni walianza kutazamana. Gichuru aliandika kila kitu kwenye kadi kwa mwandiko mzuri.

Kwenye la kumi na moja alisimama muda mrefu. "Hapa sipotezi," akamwambia Nekesa. "Hapa ninapiga vizuri kila siku. Maitu ni shahidi." Akapiga. Mpira ukapinda kulia, ukaangukia kwenye visiki vya kichaka kilichofyekwa, ukadunda, ukatulia pale pale palipookotwa ile mingine. "Iko wapi?" Nekesa akaguna. "Imeingia kichakani, Mwalimu." "Kichakani," akasema. Akalirudia neno hilo mara mbili, na nikaona linavyoingia, linavyoshuka, linavyofika chini kabisa. Kisha akageuka kunitafuta. Lakini hakujua niko upande gani, akaelekeza uso wake kwenye mnazi mmoja uliokuwa pale. "Maitu," akauuliza mnazi ule, "uko hapo?" Gichuru alikuwa ananitazama mimi. Ngai, sikujibu. Mwalimu akangoja, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaomba mpira mwingine. Aliumaliza uwanja wote, mashimo yote kumi na nane, hakukubali kuacha.

Saa tisa waliniita kwenye chumba cha kamati. Kulikuwa na zulia la kijani, picha za manahodha ukutani, na sahani ya sambusa ambayo hakuna aliyeigusa. Mipira kumi na tisa ilikuwa kwenye trei ya chai. Mwalimu alikuwa amekaa, viatu vipya vimejaa matope, mikono juu ya magoti. Gichuru akaeleza, kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Wambui, nani alikuwa anabadilisha mipira?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mwalimu akasema, "Ni mimi." Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Nilimwamuru huyu msichana. Nilimwambia akikataa nitahakikisha amefutwa. Kedi hufanya anachoambiwa. Yeye hana makosa." Juu ya macho hakusema neno. Gichuru akanigeukia. "Ni kweli?" Nilimtazama Mwalimu, na yeye alikuwa anatazama dirisha kwa sababu ndiko mwanga ulikokuwa. Nikajua nikisema hapana nitafukuzwa, na nikajua pia kwamba itabidi niwaambie watu hawa kwamba mzee huyu haoni na kwamba mwaka wake wote ulikuwa zawadi ya kedi. Hizo ndizo sababu, na nimezipanga vizuri kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudi Ngoliba. Nikasema, "Ndiyo." Mwalimu akapumua.

Walimfukuza klabuni siku ile ile. Nilimkimbilia hadi kwenye bomba tulipokuwa tunaoshea fimbo, nikamwomba msamaha, na yeye akanitafutia kichwa kwa mkono, akakipata, akauacha mkono pale. "Mara ngapi, maitu?" Nikasema sijui. "Hata ile ya shimo la tatu? Siku ya mvua?" "Ile ilikuwa yako, Mwalimu! Naapa kwa Mungu, ile ilikuwa yako, hatua mbili kutoka kwa kibendera!" Akafikiri. "Sasa nitajuaje?" akasema, bila hasira, akaondoka akipapasa ukuta. Miaka miwili baadaye alipokuwa haoni kabisa, watu walisema Mungu hulipa hapa hapa duniani. Niliwasikia wakisema hivyo bandani, wakinywa chai, na nikanywa yangu.

Basi ndiyo nikaenda kwenye siku ya makedi wa zamani. Tulicheza. Magoti yangu yalilia tangu shimo la pili, na aliyepangiwa kubeba begi langu, kwa mzaha wa Mungu au wa kamati, alikuwa Gichuru, sasa ana kitambi na mvi, mtu mchangamfu, anahema kila mlima. Mahali pa kichaka cha kumi na moja sasa pana nyumba za kifahari zenye madirisha ya kioo. Nilimwambia pale, "Bwana Gichuru, unamkumbuka Mwalimu Njoroge?" Akaweka begi chini akacheka hadi akakohoa. "Yule mzee wa nukta mbili! Wacha, hiyo hadithi nitaitoa mchana." Nikaanza, "Ile hadithi si vile mnaijua," lakini simu yake ikalia, akanifanyia ishara ya kidole nisubiri, na nikasubiri hadi shimo la kumi na tatu.

Chakula kiliandaliwa hemani, nyama choma, mukimo, soda. Binti wa Mwalimu, Njeri, alikaa meza ya mbele, mama wa makamo mwenye shingo ndefu ya baba yake. Gichuru alishika kipaza sauti akaitoa hadithi, na aliitoa vizuri, kwa mapenzi hata: trei ya chai, viatu vipya, mzee anavyokiri kama jambazi mstaarabu. Watu walishika mbavu. Njeri naye alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuizoea. Nikasimama. Nekesa akanisukuma mgongoni, "Sema, dadangu." Nikaenda hadi kwenye kipaza sauti, nikasema yote. Nikasema alikuwa haoni. Nikasema ni mimi, kwa akili yangu, kwa mkono wangu, hakuniamuru, hakujua, na kwamba niliulizwa nikasema uongo na yeye akabeba. Nikasema jina lake lirudishwe. Nililia, ingawa nilikuwa nimejiapia sitalia.

Halafu mtu mmoja nyuma akaita, "Huyo ndiye kedi! Mzee amekufa na bado anambebea begi!" Hema likalipuka kwa makofi. Wakasimama, jamani, wakasimama wakanipigia makofi. Nekesa akapaza sauti, "Ni ukweli! Mimi nilikuwa pale!" wakampigia yeye pia. Gichuru alifuta macho, akanikumbatia, akasema kwenye kipaza sauti, "Mutiso aliwafunza hawa. Kedi hasemi, hata umfinye." Nilimwambia sikioni, "Bwana Gichuru, sitanii." Akanipapasa bega, akasema anajua, anajua.

Njeri alinijia baadaye nikiwa nimekaa na sahani ambayo sikuigusa. Akaishika mikono yangu yote miwili. "Auntie, asante kwa kumtetea Baba," akasema. "Mungu akubariki. Lakini usijisumbue. Mwenyewe alituomba msamaha kwa hayo mambo ya kubadilisha mipira, akiwa kitandani, wiki yake ya mwisho, na tukamsamehe."